Lita nne na nusu kwenye joto la Dar

Saa tano asubuhi, gereji ya uani, Mwenge. Subaru Impreza WRX ya bluu imepandishwa kwenye stendi, oili nyeusi inachuruzika ndani ya beseni lililokatwa kutoka dumu la lita 20. Juu ya meza ya chuma zimekaa galoni mbili. Moja ni 20W-50 ya kawaida. Nyingine ni 5W-40, imeandikwa sintetiki kwa herufi za dhahabu, na bei yake ni mara mbili ya mwenzake.

Mwenye gari ananyoosha kidole kwenye herufi za dhahabu. Fundi anatikisa kichwa.

"Bosi, hiyo maji. Dar hii joto, Subaru unaweka nzito. Hiyo ya Wazungu kule kwenye barafu."

Mwenye gari hana la kujibu. Nzito inamiminwa.

Sentensi ya fundi imegoma kutoka kichwani kwa wiki kadhaa sasa, kwa sababu nusu yake ni kweli tupu. Nusu iliyobaki ndiyo inayoua turbo, na kazi ngumu ni kuonyesha mpaka uko wapi.

Herufi W na alfajiri ya Julai

Kwenye barafu fundi yuko sahihi kabisa.

Kwenye 5W-40, namba inayotangulia W hupimwa kwenye baridi; ya mwisho ni unene wa oili ikiwa moto. Oili ya 5W hujaribiwa kama inaruhusu injini kuzunguka kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, na kama pampu inaweza kuivuta kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri. Ya 20W hujaribiwa kwenye 15 na 20 chini ya sifuri. Dar alfajiri ya Julai, watu wa Kimara wakiwa wamejifunika masweta kituoni, kipimajoto kinasoma 19 juu ya sifuri. Tangazo linalosifu sintetiki kwa kuwasha gari kwenye baridi linauza sweta Kariakoo mwezi wa Februari.

Lakini oili hizi mbili hazilingani hata saa kumi na mbili asubuhi ya hapa kwetu. Karatasi za watengenezaji hutaja mnato kwenye nyuzi 40, joto ambalo bodi ya gari lililoegeshwa juani hulipata bila shida. Hapo 20W-50 ya kawaida husoma karibu sentistoki (kipimo cha mnato) 160, na 5W-40 karibu 85. Pampu ya oili ya EJ20, injini ya WRX hiyo, husukuma ujazo uleule kila mzunguko. Oili ikiwa nzito mno presha inapanda, vali ya kupunguza presha inafunguka, na sehemu ya oili inarudi ilikotoka bila kugusa bering hata moja. Geji inasoma juu, mwenye gari anafurahi.

Geji hiyo inapima ugumu wa njia. Haipimi oili iliyofika.

Kuna filta pia. Ndani yake mna vali ndogo inayoiacha oili ipite bila kuchujwa pale karatasi inapoweka upinzani mkubwa. Filta ya Subaru ya turbo imewekewa vali inayosubiri hadi takriban 160 kPa. Filta nyingi za bei rahisi zinafungua mapema zaidi, ingawa uzi wao ni uleule wa M20x1.5 na zinakaa vizuri tu. Oili nzito ikikutana na filta ya namna hiyo asubuhi, dakika za kwanza za kila siku injini inakunywa oili isiyochujwa. Madhara yake hayaonekani leo wala kesho, na ndiyo maana hakuna anayeyahesabu.

Hapa ndipo shaka ilipoanzia

Sasa upande wa fundi.

Kuna kipimo ambacho hakiandikwi kwenye uso wa galoni. Oili inapashwa hadi nyuzi 150, halafu inakamuliwa kwa kasi kubwa kwenye uwazi mwembamba kuliko unywele, kuiga kinachotokea ndani ya bering ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) injini inapovuta kwa nguvu. Kifupi chake ni HTHS, na namba kubwa ni utando mnene. SAE J300, kiwango cha kimataifa cha unene wa oili za injini, kinataka 5W-30 isishuke chini ya 2.9, 5W-40 isishuke chini ya 3.5, na 20W-50 isishuke chini ya 3.7. 20W-50 nyingi za dukani zinavuka 4 bila jasho.

Yeyote aliyewahi kusikiliza EJ20 iliyonoki anajua kwamba bering za konrodi ndizo zinazotangulia. Mlio wa nyundo, kisha ukimya, kisha mazungumzo ya kutafuta injini nyingine Gerezani. Kama shida iko kwenye bering, na 20W-50 ya kawaida inaweka utando mnene kuliko sintetiki ya 5W-40, basi fundi amekosea wapi?

Siku ya kwanza hajakosea popote.

Hilo lazima likubaliwe kabla ya kwenda mbele, maana wapenzi wa sintetiki wengi hulikwepa. Ukimimina oili mpya leo na kupanda na gari hadi Kibaha jioni hii, 20W-50 nzuri ya kawaida itailinda bering sawasawa na 5W-40 ya bei mbaya, pengine zaidi kidogo. Na injini iliyochoka, yenye uwazi uliopanuka kwenye bering, huipenda nzito kwa sababu presha inabaki hai taa ya oili ikianza kutetemeka kwenye sailensa, yaani gari limesimama injini ikizunguka polepole.

Tofauti inakuja baadaye.

Oili inapochacha

Oili haichoki kwa kukanyagwa tu. Inachacha. Hewa yenye oksijeni na joto vinaishambulia kama vinavyoshambulia maziwa: inapata uasidi, inakuwa nzito, inaacha utando wa kahawia kwenye vifuniko vya valvu na mwishowe tope. Makadirio ambayo wahandisi wa vilainishi huyatumia ni kwamba kila nyuzi 10 za ziada huongeza kasi ya kuchacha karibu mara mbili. Oili inayokaa kwenye nyuzi 120 inachacha karibu mara nne ya ile inayokaa kwenye 100.

Oili ya kawaida imechujwa kutoka mafuta ghafi, kwa hiyo ndani yake mna molekuli za kila umbo na ukubwa. Nyepesi huruka na joto, dhaifu huungana na oksijeni kwanza na kuwaambukiza wenzao. Sintetiki ya kweli hujengwa kwa molekuli zinazofanana, kwa hiyo viungo dhaifu vya kuanzia ni vichache. Kiwango cha Ulaya cha ACEA A3/B4 hakiruhusu oili kupoteza zaidi ya asilimia 13 ya uzito wake ikichemshwa saa moja kwenye nyuzi 250. Sintetiki nzuri hukaa chini ya 10. Hiyo inayoruka ndiyo sehemu ya oili ambayo mtu akikuta imepungua kwenye kijiti husema "Subaru inakula oili". Kweli inakula, ila sehemu ya chakula hicho ilipikwa ikawa mvuke.

Mahali ambapo jambo hili ni kufa na kupona ni kwenye turbo.

Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando wa oili. Upande mmoja wake kuna moshi wa nyuzi 800 na zaidi. Oili inapita hapo kama mgeni anayepita jikoni: ikitembea haina shida, ikisimama inaungua. Ukizima injini ghafla baada ya kukimbiza gari, kilichobaki kwenye nyumba ya bering kinaiva na kuwa masizi magumu. Subaru imeweka maji kwenye turbo zake, na tangi dogo la maji liko juu ili maji yaendelee kuzunguka yenyewe baada ya kuzima. Msaada ni mkubwa, lakini hauondoi kila kitu, na hausaidii lolote kama rejeta imejaa maji ya bomba na kutu.

Sasa tazama njia ya oili kwenda turbo. Kwenye baadhi ya Subaru, hasa injini za turbo zenye AVCS (mfumo wa kubadilisha muda wa vali kufunguka), bolti inayoshika bomba hilo ina kichujio kidogo cha waya ndani yake, chembamba kama chujio la chai la mtoto. Oili iliyochacha inaziba hapo taratibu. Taa ya oili haiwaki, kwa kuwa presha ya injini ni nzuri. Turbo peke yake ndiyo inayokufa kiu. Inaanza mlio wa filimbi, kisha moshi wa buluu, kisha vipande vya shafti ndani ya oili, na vipande hivyo vinarudi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kwenda kuzikuta bering za konrodi.

Hapo ndipo fundi wetu anapolaumu "hizi Subaru".

Nusu isiyo kweli ya sentensi yake ndiyo hiyo. Joto la Dar halidai unene peke yake. Linadai oili ambayo baada ya kilomita 4,000 bado ni ileile.

Jina moja, familia mbili

Hapa mwenye gari anastahili onyo, maana herufi za dhahabu nazo si za kuaminiwa kirahisi.

API, taasisi ya mafuta ya Marekani, inagawa oili za msingi kwenye makundi matano. La I na la II ni za kawaida, la pili likiwa limesafishwa zaidi kwa haidrojeni. La III linatokana na mafuta ghafi pia, ila limevunjwavunjwa na kusafishwa kiasi kwamba tabia yake imesogea karibu sana na sintetiki. La IV ni PAO, iliyotengenezwa kiwandani kutoka gesi. La V ni mengineyo, esta zikiwemo.

Mwaka 1999 Mobil ililalamika Marekani kwamba Castrol inauza kundi la III kwa jina la sintetiki. Chombo cha kusimamia matangazo kikaamua kwamba Castrol ina haki ya kutumia jina hilo. Tangu hapo neno sintetiki kwenye galoni limekuwa neno la soko. Ujerumani wamebaki wakali: oili ya kundi la III huko huuzwa kwa jina jingine.

Je, hiyo ni hila? Kwa gari la mtaani, si sana. Kundi la III lenye dawa nzuri linatosha WRX isiyoguswa, na ni bora mbali kuliko 20W-50 ya kundi la I. PAO na esta zinalipa kwa gari lililoongezwa nguvu, au linalopandishwa mlima wa Kitonga likiwa na abiria wanne na mwenye mguu mzito.

Kilicho muhimu kiko nyuma ya galoni, kwa maandishi ambayo lazima ukunje macho. Tafuta daraja la API. SN lilianza 2010, SP likaanza 2020. Ukikuta SF, rudisha galoni rafuni: API yenyewe inasema SF haifai injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988, na WRX ya kwanza ilitoka 1992. Oili hiyo ilipitwa na wakati kabla gari lako halijachorwa. Bado inauzwa, bado ina picha ya gari la mashindano mbele.

Kwa Golf GTI na BMW daraja la API halitoshi. Tafuta idhini ya mtengenezaji, kama VW 502 00 au BMW LL-01, iandikwe kwamba imeidhinishwa. Neno "inafaa kwa" ni maoni ya muuza oili. Na kama injini yako ya turbo inanyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, tafuta SP au jipya zaidi, kwa kuwa daraja hilo linapima mlipuko wa mapema wa mwendo mdogo, ule unaovunja pistoni gari likivuta taratibu kwenye gia ya juu.

Kilomita za foleni

Kibandiko kinasema badilisha baada ya kilomita 5,000. Kilomita zipi?

Gari linalotoka Tegeta kwenda Posta kila siku, likikaa Mwenge, likikaa Morocco, linaweza kuwa na wastani wa kilomita 15 kwa saa. Kwa mwendo huo kilomita 5,000 ni saa 333 za injini kuzunguka. Gari linalokwenda Morogoro na Dodoma kwa wastani wa 80 linamaliza kilomita hizohizo kwa saa 63. Oili haijui kilomita. Inajua saa na joto, na kwenye foleni yote mawili yanazidi: hakuna upepo wa kupooza, feni ya rejeta inafanya kazi peke yake, na kiyoyozi kinaongeza mzigo.

Ndiyo maana zile ahadi za kilomita 15,000 zilizoandikwa kwenye galoni za sintetiki zinapaswa kusomwa kama barua iliyotumwa kwa mtu mwingine. Kwa magari ya turbo ya Kijapani, vitabu vya Japani vilizoea kusema kilomita 5,000 au miezi sita, na nusu yake kwa matumizi magumu. Foleni ya joto, vumbi la barabara zinazojengwa na safari fupi ni matumizi magumu kwa kila tafsiri.

Msimamo wetu, kwa EJ20 ya turbo inayoishi mjini:

Sintetiki 5W-40, kilomita 5,000, au saa 250 kama una njia ya kuzihesabu.

20W-50 ya kawaida ya SL au zaidi, kilomita 2,500 hadi 3,000. Isizidi.

Na kati ya oili ya kawaida iliyomwagwa kwa wakati na sintetiki iliyosahauliwa hadi 10,000, chukua ya kwanza bila kusita. Piga hesabu ya fedha pia: galoni ya bei mara mbili inayodumu mara mbili ni bei ileile, pungufu filta moja na kazi ya fundi mara moja. Yule anayesema sintetiki ni anasa huwa hajahesabu filta.

Kitu kimoja kinavuruga hesabu hii, na vijana wa mlio hawatapenda kukisikia. Gari lililopangwa lipige risasi kwenye ekzosi linamwaga petroli isiyoungua, na baadhi yake inateremka kwenye kuta za silinda hadi kwenye sampu. Petroli ndani ya oili inapunguza mnato haraka. 5W-40 inaweza kugeuka kuwa 30 ndani ya wiki chache. Nusa kijiti. Kikinuka petroli, namba za kwenye galoni hazina maana tena.

Galoni haitoshi

Tumeongelea aina ya oili kwa maneno mengi, na bado si hiyo iliyoua EJ20 nyingi.

Ni kiasi.

Injini hii huchukua kati ya lita 4 na lita 4.5 pamoja na filta, kutegemea mwaka na sampu. Galoni ya dukani ni lita 4. Fundi anamimina galoni yote, anafunga, galoni tupu inatupwa kando, na mara nyingi gari linaondoka likiwa na upungufu tangu siku ya kwanza. Kati ya alama ya juu na ya chini kwenye kijiti kuna takriban lita moja. Gari lililoanza na upungufu wa nusu lita na linalopoteza robo lita kila kilomita 1,000 linafika alama ya chini kabla kibandiko hakijafika nusu.

Injini hii ni ya boksa, silinda zake zimelala ubavu. Oili ikipandishwa kwenye vichwa vya silinda inachukua muda kurudi, na kwenye kona ndefu ya mwendo kasi inakimbilia upande mmoja wa sampu. Bomba la kuvutia likikosa oili kwa sekunde moja tu pampu inavuta hewa. Bering ya konrodi haisubiri sekunde ya pili. Hakuna sintetiki duniani inayolainisha ikiwa haipo.

Kwa hiyo nunua galoni na chupa ya lita moja, na hiyo chupa ibaki kwenye buti.

Kijiti cha Subaru kinasoma vibaya gari likiwa limetoka kuzimwa. Pima asubuhi kabla ya kuwasha, mahali pa tambarare. Futa, chomeka, chomoa, tazama pande zote mbili, kisha amini upande unaosoma chini zaidi. Fanya hivyo kila unapojaza tangi mara ya pili.

Gari limetoka mnadani Japani jana

Hofu nyingine ya gereji: ukiweka sintetiki kwenye gari la zamani litavuja. Hofu hii ina asili. PAO peke yake huzikausha sili kidogo, na esta huzivimbisha, na oili za mwanzo za miaka ya 1970 zilikuwa bado zinatafuta uwiano. Za leo zimeupata. Kinachotokea kwenye gari la miaka ishirini ni kwamba sili imekwisha kukakamaa na tope ndilo lililokuwa limeziba ufa. Oili yenye dawa nzuri za kusafisha inaondoa tope, ufa unaonekana.

Hatari kubwa zaidi iko ndani. Tope likibanduka kwa wingi linakwenda kwenye filta, kwenye chujio la bomba la kuvutia, na kwenye kile kichujio cha bolti ya turbo.

Kwa injini usiyoijua historia yake, nenda taratibu. Mwaga, weka filta mpya na 10W-40 ya nusu sintetiki, tembea kilomita 1,500. Mwaga tena. Pasua filta ya zamani kwa msumeno au mkasi wa bati, kunjua karatasi yake juani. Chembe nyeusi laini ni masizi, vumilia mzunguko mwingine mfupi. Vumbi la rangi ya fedha lisiloshikwa na sumaku, au la shaba, mara nyingi ni bering. Hapo suala si oili tena, ni injini. Karatasi ikiwa safi, hamia 5W-40. Wakati huohuo bolti ya turbo ifunguliwe itazamwe.

Usikubali injini isafishwe kwa dizeli au mafuta ya taa. Dakika tano za sailensa ukiwa na mchanganyiko huo zinatosha kuvua utando kwenye bering, na kiasi kinachobaki kwenye mifereji kinakwenda kuilegeza oili mpya uliyoilipia.

Umwagaji wenyewe

Injini iwe na joto la kushikika, isiwe ya kuunguza. Spana ya 17 kwenye plagi ya kumwagia oili. Acha ichuruzike dakika 15 nzima, injini iliyolala ina vifuko vingi. Washa (pete) ya plagi iwe mpya, kaza hadi takriban 44 Nm. Fundi anayekaza kwa mguu ndiye anayeharibu uzi wa sampu.

Ukitoa filta, hakikisha mpira wake umetoka nao. Mpira wa zamani ukibaki umeganda kwenye kiti na mpya ukaja juu yake, oili yote itaruka nje ndani ya dakika chache za mwendo, na kwenye Subaru itamwagikia ekzosi. Paka oili kwenye mpira mpya, funga kwa mkono hadi uguse, ongeza robo tatu ya mzunguko. Bila spana.

Mimina lita 4. Washa, usikanyage mafuta hadi taa ya oili izime na sekunde kumi zaidi. Zima, subiri dakika kumi, pima, ongeza kidogo kidogo hadi alama ya juu. Isipite: oili iliyozidi inapigwa na krenki hadi itoe povu, na povu ni hewa.

Kabla ya hayo yote, kagua galoni: namba ya toleo kwenye mfuniko na kwenye mwili zifanane, muhuri uwe mzima. Rangi na harufu havithibitishi chochote. Galoni tupu itoboe kabla ya kuitupa, isije ikarudi dukani imejaa.

Altezza si Subaru

Kwa kifupi tu. 3S-GE, injini ya Toyota Altezza, haina turbo. Haina masizi ya shafti wala bolti yenye kichujio, ila ina VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa vali) inayosukumwa na oili kupitia vichujio vidogo, na inapenda kuzunguka juu. 20W-50 huko ni mzigo usio na faida: VVT-i inachelewa kuitikia asubuhi. 5W-30 au 5W-40 ya sintetiki ni nzuri, 10W-40 ya nusu sintetiki inatosha kabisa, na hapa tofauti ya bei ni ngumu kuitetea kwa gari la kwenda kazini.

RX-8 ya Mazda ni dunia nyingine. Injini ya rota inachoma oili kwa makusudi, kwa hiyo kinachoangaliwa kwanza ni oili inayoungua bila kuacha masizi. Itahitaji makala yake.

Nini kiandikwe kwenye kibandiko

Turudi Mwenge. WRX ya bluu imeshushwa, ina 20W-50 mpya, na kibandiko kwenye pembe ya kioo kinasema: badilisha baada ya kilomita 5,000.

Oili ile haikuwa kosa. Kosa liko kwenye kibandiko. Oili ya kilomita 3,000 imepewa kazi ya 5,000, kwenye gari linalokaa foleni ya Ubungo, lenye galoni moja tu ndani yake.

Kibandiko chenye maana kina tarehe, kilomita za leo, namba ya oili pamoja na daraja lake la API, na lita zilizoingia kweli. Nyuma yake, kwa kalamu ya risasi, andika kila nusu lita unayoongeza na kilomita uliyoongezea. Mistari hiyo ikianza kusogeleana, mwite fundi na mwonyeshe hiyo karatasi kabla hamjaanza kubishana tena kuhusu galoni.